Mwerebi na Ndagala

Siku yangu ya kwanza kazini sikuulizwa cheti wala jina la baba. Nilinuswa.

Aliyeninusa ni Sista Mfamasia, mkuu wa famasia ndogo ya masista pale Kimanga, mjini Uvira. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyefika kutoka ng'ambo angali msichana, na joto letu alikuwa amelizoea kuliko sisi wazaliwa. Alinisimamisha kizingitini, akainama karibu na bega langu, akavuta pumzi.

"Ndagala," alisema.

Nilikubali. Nilikuwa nimetoka ufukweni kumsaidia mke wangu kuanika. Kwa msomaji wa mbali, ndagala ni wale samaki wadogo wa Tanganyika wanaokaushwa juani na kuuzwa mpaka juu milimani. Mke wangu alifundishwa kazi hiyo na mama yake, naye mama yake alifundishwa na wake. Mimi mwenyewe ni mtoto wa mvuvi. Kwetu ile haikuwa harufu, ilikuwa hewa.

"Enda uoge," Sista alisema. "Halafu utarudi, tuone kama pua yako inatumika."

Niliporudi nilikuta glasi za maji zimepangwa mezani. Aliniambia moja imeoshwa na mtu aliyetoka kukata kitunguu, nimwonyeshe ni ipi. Nikamwonyesha. Akaziondoa, akapanga nyingine, safari hii akiwa ametia chembe ya kafuri, ile ya kuzuia nondo, katika mojawapo. Nikaonyesha tena. Akafunga mlango.

"Kazi ni yako," alisema. "Lakini usifurahi mbio. Pua kama hii mutu anailinda. Kuanzia leo ni ya nyumba hii."

Sikuelewa uzito wa maneno hayo mpaka nilipoelezwa kazi yenyewe. Nami niieleze, maana vijana wanaoniuliza huondoka wakidhani nilikuwa mganga. Sikuwa mganga. Nilikuwa mtayarishaji, mtu wa chumba cha nyuma, yule ambaye mgonjwa hamwoni. Famasia yetu ilifuata tiba inayoitwa homeopathia. Wenye tiba hiyo huamini kwamba kitu kinachomsumbua mtu mwenye afya, kikipunguzwa mno, humtuliza mgonjwa mwenye usumbufu unaofanana nao. Hukumu ya jambo hilo nawaachia madaktari, na wengi wao walishaitoa, haikuwa nzuri kwetu. Sista mwenyewe alikuwa mkali: mtoto mwenye homa kali apelekwe hospitali kwanza, asipitie kwetu. Kwetu walikuja wenye viungo vya kuuma, waliokosa usingizi, na waimbaji wa kwaya waliopoteza sauti siku ya sikukuu.

Sheria kuu ya chumba cha nyuma ilikuwa harufu. Dawa hizi, kwa imani ya wenyewe, huharibiwa na harufu kali kama kafuri, nanaa, kahawa na marashi. Sista aliongeza kitunguu, moshi na samaki. Wiki za kutayarisha, mtayarishaji alilala ndani ya ua wa masista, akala chakula kisicho na kiungo, akaingia kazini na vazi lililofuliwa kwa maji matupu. Na wiki za kutayarisha zilikuwa nyingi kuliko zile nyingine.

Jioni ile nilimweleza mke wangu. Alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, Riziki, na alikuwa akikusanya ndagala kabla ya umande.

"Sasa banasema minye ninanuka?" aliuliza.

"Haiko weye. Ni ndagala."

"Ndagala ni minye," alisema. "Mama yangu alinilea na ndagala. Siwezi kuacha."

Sikumwomba aache. Naye hakuniomba nikatae kazi, kwa sababu aliniona nilivyokuwa nikisimulia zile glasi. Alimaliza kufunga gunia lake, akakaa juu yake.

"Basi tupatane," alisema. "Siku batakupa pensheni, tutakula ndagala mu sahani moya, weye na minye, mpaka tushibe. Mbele ya siku ile, usionje za mutu mwingine. Unaitika?"

"Ninaitika."

Naomba mwikumbuke sahani hiyo. Nilifanya kazi maisha yangu yote nikielekea kwake.

Mti wetu mkubwa ulikuwa mwerebi. Masista waliuita kwa Kifaransa, saule. Wengi wenu mmelisikia jina la mwerebi mahubirini bila kujua kwamba unaota hapa hapa, kwenye kingo za Ruzizi na za vijito vinavyoteremka kutoka milimani. Majani yake ni membamba na marefu, upande wa chini yana rangi ya majivu, na matawi huinamia maji. Gome lake ni chungu. Wazee walilichemsha kwa homa na maumivu kabla sisi hatujazaliwa, na hata vidonge vya kutuliza maumivu vinavyouzwa leo kila duka vina asili yake katika gome la ndugu zake wa Ulaya.

Tulivuna gome la matawi machanga mvua zinapoanza, utomvu ukiwa umepanda, maana wakati huo gome huvuliwa kama soksi. Tulilikatakata, tukalipima, tukalilaza ndani ya alkoli katika chupa nyeusi, na kila asubuhi nikaitikisa mpaka alkoli ikageuka rangi ya chai. Ikichujwa, inaitwa tinktura mama. Hapo mtu bado ananusa kitu: uchungu, kuni mbichi, tope la mtoni. Kisha kazi ya kupunguza inaanza. Unachukua tone moja la mama, unalitia katika chupa ya alkoli safi, unaigonga chupa kwa nguvu juu ya mto wa ngozi ya ng'ombe. Kutoka chupa hiyo tone moja linaingia katika nyingine, unagonga, na nyingine tena. Watu husema haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba yetu ilikuwa ya kumwaga kibaba. Mwishoni una chupa ambayo hakuna pua duniani inayoweza kusema ina nini, na hiyo ndiyo unayoiandikia jina la mwerebi na kuidondosha juu ya vidonge vidogo vya sukari.

Hapo ndipo pua yangu ilipohitajika. Nilinusa chupa ya mwisho ili kuhakikisha haina harufu ya kitu chochote kingine, si sabuni, si jasho, si jiko la jirani. Nilikuwa mlinzi wa chupa tupu, na sisemi hivyo kwa kejeli. Niliipenda kazi ile.

Lakini ni kazi ya mtu mmoja. Hakuna anayeingia, hakuna redio, na ukiongea pumzi yako inakwenda kwenye chupa. Nilizoea sauti ya chupa juu ya ngozi, na mara nyingine nilijikuta nagonga kwa mwendo wa nyimbo za makasia walizoimba wavuvi wa baba yangu. Nikishagundua, nilisimama kidogo, kwa sababu nyimbo zile zinataka mwitikio na hapakuwa na wa kuitikia.

Mke wangu, ambaye sasa alikuwa Mama Riziki, aligundua njia yake ya kuniona. Pwani yetu, asubuhi upepo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani, na baadaye mchana hugeuka. Basi asubuhi alikuja na maharage yasiyo na kitunguu wala mawese, katika sufuria aliyoitenga kwa ajili hiyo tu. Aliiweka juu ya ukuta wa ua, akavuka barabara, akasimama upande wa ziwa. Mimi nilitoka nikasimama upande wa mlima. Upepo ulipeleka harufu yake majini, na sisi tukaongea juu ya barabara, pikipiki na wachuuzi wakipita katikati. Upepo ukianza kugeuka, aliinua mkono akaenda zake. Hatukuwahi kugombana katika mazungumzo hayo, maana huwezi kugombana na mkeo kwa kupaza sauti mbele ya mtaa mzima. Na maneno matamu ya mume na mke hatukuyasema pia, kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa niwasimulie kisa cha mwerebi mweusi, mcheke kidogo. Mti wetu una ndugu anayeota Marekani, mwenye gome jeusi, ambaye tinktura yake tuliipata kwa chupa kupitia Bujumbura. Vitabu vya tiba yetu humpa kazi yake mahususi: kuwatuliza wanaume wanaosumbuliwa na tamaa. Sijui nani alilitoa neno hilo nje ya ua. Mtaa ulipolipata, ukajijibu wenyewe: huyu bwana ana bibi mzuri, wala halali nyumbani kwake, na anashinda na dawa ya kupoza wanaume. Wavuvi wakaanza kuniita kutoka barabarani. "Ye fundi, tuletee na siye, bibi zetu banachoka."

Hilo ningelivumilia. Lakini siku moja nikiwa chumbani nilisikia, ng'ambo ya ukuta wa mbao, sauti ya mama mkwe wangu. Kwetu mkwe ni mtu wa kuepukwa kwa heshima, mimi na yeye tulikuwa hatujawahi hata kula mahali pamoja. Nikashika chupa yangu nisithubutu kuigonga.

"Sista, minakuya juu ya mutoto yangu," alisema. "Bwana yake anakunywaka ile dawa?"

"Dawa gani, Mama?"

"Ile ya kulalisha banaume."

"Hapana, Mama. Yeye anaigonga tu."

"Basi umuache alale ku nyumba. Mutoto wa pili atatoka wapi?"

Mama mkwe alipoondoka, Sista alikuja mpaka mlangoni mwangu, akatazama dirisha badala ya kunitazama mimi, akaniambia nipumzike mpaka wiki inayofuata. Binti yetu Neema ni mtoto wa ruhusa hiyo.

Nilifika nyumbani nikiwa na furaha zangu. Riziki, aliyekuwa ndio kwanza anakimbia, aliniona mlangoni akajificha nyuma ya pindo la mama yake.

"Mama, mugeni anakuya."

"Haiko mugeni. Ni papa yako."

"Papa iko ku barabara," alisema mtoto, kwa uhakika kabisa.

Mke wangu alicheka, na mimi nikacheka naye. Usiku nilimtazama mtoto akilala na kicheko kile hakikurudi.

Baadaye nilipelekwa Bijombo, juu milimani, chini ya mkuu wangu wa pili, Furere wa Bustani, mtawa wa kiume. Masista walitaka gome la vijito vya baridi, mbali na moshi wa mji. Kule juu ni nchi ya ng'ombe na ukungu, na ngozi zote nilizogongea chupa maishani zilitoka kwa wafugaji wa kule. Furere alikuwa mtu mpana, mzito wa maneno, aliyeongea na miche zaidi ya alivyoongea na watu. Kazi yetu ilikuwa kuvuna na kukausha tu, kwa hiyo sheria ya harufu haikuwepo. Ndagala walipanda mpaka soko la kule, na Furere aliwapenda sana. Alinikaribisha mezani kwake. Nikamwambia nina ahadi. Hakuuliza ni ahadi gani, yeye pia alikuwa mtu wa nadhiri.

Siku moja tulikuwa tumekaa kwenye ukingo wa kijito, akanionyesha maua ya mwerebi, yale ya manjano yanayoning'inia kama mkia wa kiwavi.

"Hii ni dume," alisema. "Na ile ya chini, dume. Mwerebi haiko kama miti mingine. Dume iko peke yake ku muti yake, na jike peke yake ku yake. Hapa minatafuta jike tangu nifike. Sijamuona."

"Sasa inazaa namna gani?"

"Haizai. Tawi inavunjika, maji inabeba, inashika udongo. Hii yote unaona ku kijito, ni muti mumoja tu."

Alicheka kidogo baada ya kusema hivyo, na mimi nikacheka. Nafikiri kila mmoja wetu alikuwa akihesabu ya kwake.

Matawi kutoka kijito kile ndiyo tuliyoyapanda Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, kwenye kiwanja cha masista kilichokuwa na maji karibu. Nilirudi kuyasimamia. Famasia ilifungua pia kidirisha cha kuuzia pale, na wateja wetu wakawa wabadilishaji fedha na watu wa forodha ambao vibofu vyao vilichoshwa na kusimama siku nzima. Kwao tulikuwa na matone ya mpopla, ndugu mwingine wa mwerebi mwenye majani yanayotetemeka hata upepo usipokuwepo. Mama Riziki alihamia Kavimvira na watoto. Alijenga nyumba yake kwa fedha za ndagala wake, chini karibu na ziwa, penye uwanja mzuri wa kuanika. Nilipokuwa na zamu ya kidirisha nililala kwangu. Wiki za kutayarisha zilipofika nilirudi Kimanga, na Mama Riziki akapanda pikipiki asubuhi na sufuria yake, akasimama upande wa ziwa kama kawaida.

Kisha Sista Mfamasia alizeeka, akaitwa kurudi kwao. Aliniita ofisini, kwa mara ya kwanza akaniambia nikae.

"Ninaenda," alisema. "Atakuya mukubwa mwingine. Weye amua sasa, ningali hapa. Unaweza kubaki Kavimvira, uuze tu, ulale kwako kila siku. Lakini bila pua, chumba cha nyuma kitafungwa. Sitakulazimisha. Nilikuchukua kijana, sikukuuliza mara ya kwanza."

Kesho yake nilimweleza mke wangu kutoka upande wangu wa barabara. Aliinua uso kwanza, akaupima upepo kama bado haujageuka.

"Weye unapenda ile kazi?" aliuliza.

"Ninaipenda."

"Na minye ninapenda yangu. Tusidanganyane." Alifunga vizuri kitambaa cha kichwani. "Rudia mu chumba. Sahani iko."

Nikarudi chumbani. Sista aliondoka na boti ya asubuhi akiwa na sanduku dogo, na mwerebi mmoja mchanga ndani ya kopo. Sijui kama ulifika hai.

Mkuu wangu wa tatu na wa mwisho alikuwa Madamu Meneja, mwanamke wa hapa hapa, aliyesoma, mwenye simu mbili na moyo mwema. Yeye ndiye aliyenisomea siku moja kwamba wataalamu wa miti wameipanua familia ya mwerebi. Ule mti wa miiba wenye matunda magumu ya mviringo, ambayo wacheza ngoma hufunga miguuni yakalia, nao siku hizi umehesabiwa ndani. Nimeuona mti ule tangu utoto, na hata siku moja haukunifanania mwerebi. Nilifikiri, kumbe hata miti hupokea mgeni nyumbani na kumpa jina la ukoo. Nikamkumbuka Riziki nyuma ya pindo la mama yake.

Ziwa lilianza kupanda miaka hii ya karibuni, ninyi wenyewe mnajua. Kwanza lilichukua njia, kisha bustani ya Kavimvira. Mierebi yetu ilisimama ndani ya maji muda mrefu kuliko miti mingine yote, maana ni watoto wa maji, lakini hata mtoto wa maji ana kiasi chake. Ilikauka kuanzia juu. Asubuhi moja, katikati ya wiki ya kutayarisha, Mama Riziki alikuja bila sufuria. Kanga yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Akasimama upande wa ziwa.

"Nyumba imeingia mu maji," alisema.

Nilishuka barabarani. Aliinua mkono kunizuia.

"Baki kule. Batu beko salama, bitu vingine minatoa na majirani. Weye maliza. Ukivuka sasa utapoteza kazi ya wiki muzima, na maji haitarudi."

Nilisimama pale, mguu mmoja kwenye lami, mpaka alipoondoka. Nikarudi nikagonga chupa. Sikumbuki nilichokuwa nagonga.

Alihamia Kimanga, kwenye nyumba ndogo upande wa juu wa barabara ile ile, na akapata mahali pa kuanikia upande wa chini, karibu na maji. Watoto walishakuwa watu wazima. Riziki alikwenda Bukavu, Neema aliolewa Baraka. Mama mkwe alishafariki, na kwenye msiba wake nilisimama mbali na jiko la wapishi, kwa sababu ilikuwa wiki ya kutayarisha.

Halafu ukapita ule ugonjwa uliozunguka dunia. Kwangu ulikuwa homa ya siku chache na kikohozi. Nilipopona niliingia chumbani, nikafungua chupa ya tinktura mama, nikainamisha kichwa. Nilihisi baridi ya alkoli ndani ya pua, basi. Nikafungua ya pili. Nikatoka nje mpaka jikoni kwa masista, nikachukua kitunguu, nikakikata vipande viwili nikakiweka usoni. Machozi yalinitoka lakini kitunguu sikukisikia.

Nilimwendea Madamu Meneja siku hiyo hiyo nikamwambia. Alinisihi tungoje, labda itarudi. Tulingoja mvua zikapita. Haikurudi.

"Sasa nani atanusa, Papa?" aliniuliza.

"Hakuna, Madamu."

Alifunga chumba kwa upole. Vidonge siku hizi vinakuja katoni nzima, tayari, kutoka nchi za mbali. Walinipa pensheni, kiti, kitambaa cha suti na maneno mazuri, na padri akaniombea. Nilitembea kwenda nyumbani, kwa kuwa ni karibu, nimebeba kiti changu begani. Njiani nilikuwa nawaza kitu kimoja tu.

Mama Riziki alinipokea, akanipa maji ya kunawa. Kisha akaniletea maharage yasiyo na kitunguu, katika sufuria ile ile. Akachukua chakula chake akaenda kukaa nje, mgongo ukielekea mlango, kama alivyokaa miaka yote. Hakuwa na hasira. Mkono wake ulijua njia hiyo tu.

"Mama Riziki," nilimwita. "Na sahani?"

Aligeuka polepole. "Weye unakumbuka?"

"Ninakumbuka."

Alikwenda jikoni, akakaa sana. Alirudi na sahani kubwa ya ndagala waliopikwa kwa mawese na pilipili, na bugali pembeni. Akakaa mbele yangu, magoti yetu yakikaribiana, tukanawa tena. Nilitia tonge kinywani. Nilisikia chumvi, nikasikia pilipili ikiuma ulimi, na mifupa laini ikivunjika. Ndagala wenyewe hawakuwepo.

"Iko namna gani?" aliuliza.

Ningeweza kumdanganya. Lakini tulishaambiana tangu zamani tusidanganyane.

"Siisikie," nilisema. "Pua imekufa. Sikukuambia ku barabara, nilitaka kukuambia hapa."

Aliweka tonge lake chini. Alinitazama usoni, akaitazama pua yangu kana kwamba ni mgeni aliyemlia chakula chake.

"Miaka yote ninakimbia upepo juu ya ile pua," alisema. "Na leo haiko."

Hakulia. Alichukua tonge lake tena, nami nikachukua langu, tukala mpaka sahani ikawa tupu, kwa sababu ndivyo tulivyopatana. Sijapata kula chakula kigumu namna ile.

Mnaponiuliza pensheni ni nini, nawajibu kwamba ni kujifunza nyumba ambayo mwenzako anaijua. Yeye ana saa zake, majirani wake, nyimbo anazoziimba kwa sauti ya chini akidhani yuko peke yake. Mwanzoni nilikuwa nikimshtua kwa kukohoa tu. Nimeketi kwenye kiti changu siku nzima na hakuna aliyenihitaji kwa jambo lolote. Upweke wa chumba cha nyuma ulikuwa na kazi ndani yake, huu wa sasa hauna. Nanyi mnaoanza kazi, mkiona kazi inawaomba kitu cha mwilini, msikatae upesi, mimi singekataa. Ila ulizeni pia mwenzenu atakuwa anasimama wapi wakati huo.

Asubuhi nimebaki na mazoea yangu. Upepo ukishuka kutoka mlimani natoka nje, nasimama ukingo wa juu wa barabara. Yeye yuko upande wa ziwa, anatandaza ndagala juu ya nyavu. Tunaongea kwa kupaza sauti, habari za Riziki, bei za soko, nani amefariki. Upepo ukianza kugeuka, mimi narudi ndani. Tuliendelea hivyo miezi, na hakuna kati yetu aliyeona kitu cha ajabu.

Juzi alisimama katikati ya neno. Alikuwa ameshika ncha ya wavu mpya, ncha ile nyingine imejikunja chini.

"Papa Riziki," aliita. "Juu ya nini unasimama kule?"

"Upepo," nilisema.

"Upepo gani? Si pua yako imekufa?"

Pikipiki ilipita kati yetu, kisha mama mmoja na beseni lake, kisha barabara ikawa wazi.

"Kuya huku," alisema. "Unishikie hii ya pili."

Nilitazama kushoto na kulia kama mtoto wa shule, nikavuka, nikainama, nikashika ncha ya pili ya wavu.